Grisi Ndani ya Drili ya Mkuu

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya meli pale Mwanza sikushika hata bisibisi. Msimamizi wa karakana, ambaye sote tulimwita Mkuu, alinipa kopo la grisi na kitambaa. "Kijana, chuma cha ziwani usipokipaka kinaoza. Paka." Nikapaka mpaka jioni: minyororo, bawaba, hata spana. Nilikasirika, maana nilitoka chuo cha ufundi na cheti changu mkononi. Lakini nani amjibu Mkuu? Mhaya yule akikutazama juu ya miwani, unameza mate.

Baadaye nilihamishiwa Misungwi, kiwanda cha kuchambua pamba, chini ya mhandisi wa umeme asiyependa maneno mengi. "Usimlaumu mgonjwa kabla hujampima," alizoea kusema. Huko ndiko nilikozijua kaboni, vile vijiwe vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye amecha, yaani kiini cha mota kinachozunguka. Nilizibadilisha mpaka nikastaafu, na kucha zangu hazijatakata hadi leo. Mke wangu ameshakata tamaa.

Mwaka huu Mkuu alitoka Ilemela akanifuata kwangu Buhongwa, drili ya betri ikiwa ndani ya kikapu. Amezeeka sana. Mikono inatetemeka, keke ya kuzungusha kwa mkono haiwezi tena. Drili hiyo ndiyo inayomwezesha kutengeneza mabenchi ya kanisa la kigango chao.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, kijana." Kijana! Nina wajukuu mimi. "Inanguruma tu, haitoboi. Binti yangu anasema kilichochoka si drili, ni mimi. Anataka vifaa vyote viuzwe, nikae barazani. Sasa nikikaa tu, nitakuwa nani?"

Iliniuma. Mtu aliyekuwa akikohoa karakana nzima inanyamaza, leo anaomba ruhusa ya kutoboa ubao.

Kila mtu alikuwa amemwambia ni betri. Nyie vijana ndivyo mlivyo, kila ugonjwa betri. Nikaipima kwa mita, nzima kabisa. Nikaiweka pembeni, kwa sababu mota haifunguliwi huku umeme umo, kisha nikafungua skrubu za ganda. Lo! Ndani mlikuwa na uji mweusi. Grisi imechanganyika na vumbi la kaboni, umeme unapotelea humo humo, na kaboni zenyewe zimelika zikabaki vipande.

"Mkuu, nani kapaka grisi huku?"

"Mimi. Ulitaka nipake nini, samli?"

Kwetu Usukumani mkubwa humkosoi usoni, unamtuma mtu mwenye busara akaongee naye. Ningemtuma nani? Na nikinyamaza, angepaka tena, drili ingekufa moja kwa moja, na binti angeshinda.

"Mkuu, gia ndizo zinazotaka grisi, tena kidogo. Kwenye kaboni ni sumu. Umeiharibu mwenyewe."

Akavua miwani. Nikajua leo natimuliwa, tena nyumbani kwangu.

"Kumbe," akasema taratibu. "Basi nionyeshe."

Nikafuta uchafu kwa spiriti, nikapitisha msasa laini kwenye shaba ya amecha mpaka ikang'aa. Kaboni za saizi ile sikuzipata mjini, nikanunua kubwa za grinda. Mkuu akasema atazipunguza yeye. Akazisugua kwenye msasa, akijaribisha, akisugua tena, mpaka zikaingia mahali pake bila kukwama. Mikono ilitetemeka, sikatai, lakini macho yake hayakukosea. Tukasubiri spiriti ikauke kabisa, ndipo tukarudisha betri.

Watu huniuliza kustaafu kukoje. Nawaambia mwili unapumzika, moyo unabaki unatafuta pa kuripoti asubuhi.

Mkuu alikuwa anatoboa kipande cha mninga uani, unga wa mbao ukimwagikia viatu, simu ikalia kwenye mfuko wa shati lake. Akaniashiria niipokee. Alikuwa binti yake, anataka kujua kama baba amepumzika.

Mkuu alisikia. Hakuinua hata kichwa.

"Mwambie niko kazini."