Mafiga ya Mama Nyuma ya Kamba

Nianze na ile kamba, kwa sababu ndiyo iliyonitibua nyongo. Ilikuwa kamba ya nailoni ya buluu, ya aina ileile tunayofungia mbuzi, imezungushwa kwenye vijiti vinne ndani ya pango, na katikati yake palikuwa na mawe matatu meusi. Mwongozaji wetu alisimama mbele yake, akavua kofia, akatuomba tunyamaze kidogo kwa heshima. Halafu akasema hiyo ilikuwa madhabahu ya watu wa kale. Mama yangu, aliyekuwa amesimama kando yangu, alinigusa kiwiko akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, utadhani tuko jikoni:

"Uyu papa iko nasema nini juu ya mafiga yangu?"

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bukavu. Mwaka ule, masomo yalipokwisha, direkta wetu, mkuu wa shule, aliamua kwamba badala ya kunywa soda ukumbini kama kawaida, walimu tutembezwe siku nzima kwenye milima iliyo juu ya Kalehe, tukaone mawe ya ajabu na mapango ambayo watu waliwahi kuishi ndani yake. Kila mwalimu aliruhusiwa kuja na ndugu mmoja. Nilimsomea mama tangazo lile kwa kumtania tu, kwa sababu mama yangu haendi popote. Kwenye arusi anatuma zawadi. Siku ya matembezi ya parokia anasema ana homa. Lakini nilipofika kwenye neno Kalehe, na mawe yaliyosimama, aliacha kuchambua maharagwe.

"Uniandike," akasema. "Niko na kazi kule."

Kazi yenyewe niliijua, ingawa kwa miaka mingi niliifanyia mzaha. Nilipokuwa na miaka mitano vita vilitutoa kijijini kwetu, na msimu mzima wa mvua tuliishi ndani ya pango kwenye milima ile, sisi na familia nyingine mbili. Asubuhi moja risasi zililia karibu sana. Tuliondoka na sufuria ya uji ikiwa bado ya moto, tukateremka hadi ziwani, na mwisho wa safari hiyo ni Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, mama alipo mpaka leo. Mama aliacha mafiga yake yamesimama.

Kwa mtu mwingine hilo si neno. Kwetu ni neno kubwa. Mwanamke anayehama huangusha mafiga yake kabla ya kutoka: mawili anayaangusha mwenyewe, la tatu linaangushwa na mtoto wake wa kwanza. Mafiga yakibaki yamesimama, maana yake mwenyewe anarudi, na mpaka arudi hana ruhusa ya kupanga mengine. Hivyo ndivyo mama alivyofundishwa na mama yake, na hivyo ndivyo alivyoishi. Miaka yote hiyo ya Kadutu amepika kwenye mbabula ya makaa, hajawahi kuweka jiwe juu ya jiwe. Chini ya kitanda chake kuna fuko la mistari ambalo halijawahi kufunguliwa lote. Mdogo wangu wa kiume alimletea saruji ya sakafu, akaikataa mpaka ikagandia ndani ya mifuko. "Siwezi kuwa na moto pahali mbili," alisema, na sisi wanawe tuliosoma tulicheka. Sasa magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Alitaka kwenda kuyaangusha wakati bado anaweza kupanda mlima, ili naye apate kukaa kwenye nyumba yake.

Basi tukapanda. Nitakuwa mkweli, huko chini kwenye mawe mwongozaji alinifurahisha. Ni mtu wa makamo, rika langu, mwenye fimbo nzuri na suruali iliyopigwa pasi. Mawe ya kule ni nguzo nyeusi zenye pande sita, zimepangana kama kuni za mtu mwenye bidii, na alitueleza vizuri jinsi moto wa ardhini ulivyotoka ukapoa taratibu ukapasuka hivyo. Nilijuta kutokuja na wanafunzi. Kisha, labda kwa kuona walimu wa hesabu wanapiga miayo, akaanza: nguzo ile ndefu ni mfalme aliyegeuzwa jiwe, na zile saba ni wake zake. Wenzangu wakajipanga kupiga picha na wake wa mfalme. Mama hakutazama hata nguzo moja. Alikuwa mbele yetu wote, na magoti yake hayo hayo, anaonyesha kwa kidevu.

"Pale tulikuwa tunachota maji. Pale baba yako alianguka na kuni."

Ndipo tukaingia pangoni, mbele ya kamba.

Nikumbuke alichosema mwongozaji, maana nilikishika neno kwa neno kwa hasira. Alisema hapa waliishi watu wa kabila lisilojulikana, wafupi, wasioongea na majirani. Alisema moshi ule wa darini ni wa miaka elfu. Alisema juu ya mawe haya matatu walimtolea sadaka mungu wa mvua, na kwamba watu hao hawakujua chumvi.

"Tulijua chumvi," mama akasema. "Ilikosekana tu."

Watu wakageuka. Wengine wakacheka ule ucheko wa kumstahi mzee aliyeteleza ulimi. Na mimi, na hapa aibu ni yangu peke yangu, nikamvuta mkono wa blauzi nikamnong'oneza anyamaze, kwa sababu direkta alikuwa anatutazama. Nilikuwa nimekula uji kwenye mafiga yale. Nilijua mama anasema kweli. Nikamvuta mkono hata hivyo. Kila nikikumbuka nafanya kazi ya kujitukana.

Mwongozaji akaendelea hadi kwenye ukuta, akaelekeza fimbo. "Na hapa, bapendwa, wawindaji walichora mnyama wao mutakatifu. Muangalie, iko na miguu tano. Wataalamu bado banajiuliza."

Nilisogea nikaangalia. Alikuwa mbuzi wetu. Nilimchora mimi, kwa jiwe lenye ncha, wiki ile askari walipomchukua, na mguu wa tano si mguu, ni kamba yake. Nilikuwa nimemsahau kabisa mbuzi yule. Hapo pangoni nilimkumbuka mpaka harufu yake, na nilimkumbuka mama akiniahidi mwingine tukirudi nyumbani. Na mwalimu mwenzangu alikuwa anampiga picha mnyama mtakatifu, huku akisema babu zetu walikuwa na vipaji.

Direkta akamshukuru mwongozaji kwa niaba yetu, akasema tumejifunza mengi. Watu wakaanza kutoka kwenda kula. Mama akakunja kikwembe chake cha Jumapili mpaka magotini, akaruka kamba. Ninaposema akaruka, alipitisha mguu mmoja, akapumzika, akapitisha wa pili. Kabla mtu hajajua la kufanya, figa la kwanza lilikuwa limelala ubavu.

"Maman, tafazali," mwongozaji akaja mbio. "Haiko ruhusa kugusa. Ni patrimuani."

"Patrimuani ni nini?" mama akaniuliza.

"Ni mali waliyoacha wazee," nikajibu.

"Sasa je? Mimi ni muzee, na niliacha." Akasukuma la pili.

Direkta alirudi mlangoni mwa pango, akasema kwa ile sauti yake ya mkutano wa wazazi, "Mwalimu, tuliza mama yako. Anatutia aibu." Hapo sasa nilihisi uso wangu umewaka. Mama yangu alilala kwenye mwamba ule msimu mzima, mgongo wake ukiziba upepo ili mimi nipate usingizi, leo anaambiwa anatia aibu mbele ya kamba ya mbuzi. Nilimwambia direkta kwamba mawe yale ni jiko letu. Nilimwambia mwongozaji kwamba anasema uongo, kwamba kabila lisilojulikana ndilo hili limesimama mbele yake, na kwamba yule mnyama wa wataalamu nilimchora mimi. Nilisema mengi, na sikusema kwa adabu.

Mwongozaji hakukasirika, na hilo likaniudhi zaidi. Alisubiri nimalize, akatazama nyuma kuona kama wageni wengine wamefika mbali, akaongea polepole.

"Minajua," akasema. "Mimi nililala mu ile pango ya chini, na baba yangu na badada yangu wawili. Ule mwaka wenu."

"Unajua, na unasema ni madhabahu?"

"Mwalimu, mwanzo nilikuwa nasema kweli. Batu banatoka Bukavu juu ya kufurahi. Nikiwaambia hapa tulikimbilia vita, wanainamisha kichwa, wanauliza basi ya kurudi iko wapi. Vita iko ku nyumba zao. Nani atapanda mulima juu yake?"

Laiti angekuwa hajui kitu ningemsamehe siku ileile. Lakini alikuwa anajua. Kila siku anavua kofia mbele ya mafiga ya watu aliokimbia nao, anawaita wafupi wasiojua chumvi, na yeye mwenyewe ni mmoja wao. Na sisi walimu, tunaosimama mbele ya watoto wa watu kila asubuhi, tulikuwa tumeitikia kwa kichwa. Kati ya wote waliokuwa kwenye basi lile, sidhani kama kulikuwa na mmoja ambaye kwao hawakuwahi kukimbia. Wale wa Bunyakiri walikimbia, wale wa Mwenga walikimbia, na direkta mwenyewe ana kovu ambalo haongei habari zake. Ila tulipoona masizi darini hakuna aliyejiuliza ni sufuria ya nani. Tulipenda zaidi yawe ya watu wa kale, ambao hawana mama wa kutuuliza swali.

Mama hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameketi juu ya jiwe aliloliangusha, anasugua goti, macho yake kwenye figa la tatu, lililobaki limesimama peke yake.

"Ile si yangu," akaniambia. "Ile njo yako."

Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Direkta alikuwa bado yuko mlangoni, na mwongozaji alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili. Nilifikiri ataikaza. Aliiteremsha mpaka chini, akaikanyaga, nikapita. Jiwe lilikuwa limeshika ardhini, ikabidi nipige magoti na suruali yangu mpya nilisukume kwa bega. Lilipolala, pale lilipokuwa limesimama palikuwa na majivu makavu, meupe, hayajaguswa na maji miaka yote hiyo. Mama aliyachota kidogo kwa vidole akayanusa, kisha akajipangusa kwenye kikwembe.

"Haya," akasema. "Tuende tukule."

Njia nzima ya kurudi hakuna aliyetusemesha, isipokuwa mwalimu wa darasa la pili, mama mtu mzima wa Bunyakiri. Alikuja akaketi karibu na mama, akampa sambaza wake wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani.

Siku hiyohiyo mama alilivuta fuko kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na blanketi moja, kikombe cha bati, na nguo ya mtoto wa miaka mitano. Wiki iliyofuata akamwambia mdogo wangu alete saruji nyingine. Nyuma ya nyumba, pale alipokuwa akiweka mbabula, akapanga mafiga matatu aliyoyachagua mwenyewe kwenye mto, akawasha kuni. Nilidhani hasira yangu ingekwisha hapo.

Haikuwa hivyo. Mwezi haukupita, jirani yangu alikuja kunionyesha picha kwenye simu. Alikuwa ametembezwa kule na kwaya yao. Mafiga yalikuwa yamesimamishwa tena, matatu, yamepangwa vizuri kuliko mwanzo. Kamba ilikuwa mpya, nyekundu. Mbuzi wangu alikuwa amezungushiwa chokaa ili aonekane vizuri kwenye picha. "Walikuwa wafupi, lakini walijua kuchora," jirani akaniambia.

Nilimwomba anitumie ile picha, nikashuka nayo mpaka Kadutu bila hata kubadilisha viatu. Njia nzima nilikuwa nahesabu adhabu. Nilitaka kuandika barua. Nilitaka kupanda tena kule na kuvunjavunja yale mawe kwa nyundo. Zaidi ya yote niliogopa: kama mafiga yamesimama tena, je, mama anadaiwa kurudi tena? Na magoti yale?

Nilimkuta nyuma ya nyumba, sufuria ya sombe, majani ya muhogo, juu ya moto. Nilimwonyesha simu nikaongea yote niliyokuja nayo, uongo wa yule mtu, kamba nyekundu, chokaa. Aliniacha nimalize. Alifuta kidole, akaisogeza simu mbali na macho apate kuona.

"Ni nani aliyasimamisha?"

"Yule papa wa fimbo."

"Na mikono yake mwenyewe?"

"Na mikono yake."

Alinirudishia simu, akafunua sombe, akakoroga.

"Basi ile moto ni yake," akasema. "Arudie yeye. Mimi nilisha kufika."