Inua Ufagio Nikuone

Mama anayeendesha tingatinga la kuchotea makaa ya mawe hapa uwanjani, akishamwagia lori, hashushi kijiko kabla ya kutuona sote tunaofagia mabaki chini. Huchungulia dirishani na kupaza ile sauti yake iliyokwaruzwa na vumbi: "Inueni fagio niwaone!" Tunainua, huku tukinong'onezana kwamba anatuhesabu kama kuku jioni. Mkono wake wa kulia haubanduki kwenye liva ya kuinulia na kushushia kijiko, lakini hukaa umelegea, kidole gumba kikigongagonga. Hata maji hunywea mkono wa kushoto.

Jana upepo uligeuka, vumbi likafunika rundo zima. Mpini wa ufagio wangu ulikuwa umevunjika, nikainama karibu na tairi la mbele la tingatinga kuokota kipande. Nilipoinua kichwa, lile lijiko la chuma lilikuwa linaning'inia juu yangu. Malori yalipiga honi. Msimamizi akafoka, "Mama, shusha! Foleni imefika getini!"

"Ufagio mmoja sijauona."

"Ameenda chooni huyo!"

"Basi namsubiri atoke chooni."

Nilitambaa hadi upande wake, nikainua mpini mtupu. "Haya, mwanangu, sogea." Akakishusha kijiko polepole mpaka kikagusa ardhi, akazima injini. Lakini hakushuka. Vidole vyake vilikuwa vimeing'ang'ania liva tangu kijiko kiliponing'inia juu yangu, ikabidi msimamizi mwenyewe apande akavibandue kimoja kimoja.