Mama Magoti na Jino la Spidi

Jina la Mama Magoti alipewa na mtaa, na mtaa ukishakupa jina usijisumbue kukata rufaa. Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, na dirisha pana likitazama barabara. Suruali zote za wanawe wawili alizitia sponji magotini kwa ndani, tabaka mbili, akazipiga mshono wa miraba zisije zikahama. Watoto wa jirani walipoziona wakalia na wao wanataka magoti manene. Mama zao wakaleta suruali, na kabla mwaka haujaisha watoto wa mtaa mzima walitembea na magoti yaliyoumuka kama mikate.

Wenzao walivaa kwa mapambo. Wa kwake walivaa kwa sababu walizaliwa na himofilia, yaani damu yao haigandi upesi. Kidonda cha kitoto kingeweza kuvuja kutwa, na kuanguka kwa kawaida tu kungeweza kuvujisha damu ndani ya goti mpaka likavimba na kuwaka moto. Mkubwa, wa miaka saba, aliitwa Spidi, maana hakuwahi kujifunza kutembea: alitoka kutambaa akaingia moja kwa moja kukimbia. Mdogo, wa miaka minne, alikuwa Bonge, na sababu ilijionyesha yenyewe. Kuna watu walidhani nyumba yenye watoto wa namna hiyo lazima iwe ya kunong'ona na kunyata. Hao hawakuwahi kupita pale asubuhi. Hapakuwa na nyumba yenye makelele kuishinda, na mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa mama mwenyewe.

Mara mbili kwa wiki aliwapeleka hospitali kuchomwa dawa ya kugandisha damu. Ilikuja kama unga ndani ya kichupa, ikachanganywa na maji yake, ikaingizwa mshipani polepole kwa sindano ndogo yenye mabawa mawili ya plastiki. Baba yao, fundi rangi, alikuwa mtu wa kupanda ngazi mpaka ghorofa ya nne huku akipiga mluzi. Lakini tone moja tu la damu lilitosha kumwangusha chali, mzima mzima, na wauguzi walishamzoea. Wakimwona anaingia wanamvutia kiti.

Siku moja Mama Magoti alimkabili Sista, muuguzi mwembamba wa kliniki ile.

"Sista, nataka kuwapeleka wanangu kwa mama yangu. Hajawahi kuwaona."

"Ni mbali?"

"Siku nzima kwa treni. Na huko dawa hii haipo."

Sista akaweka kalamu chini. "Utaenda siku utakayowachoma mwenyewe mbele yangu. Mara tatu mfululizo bila kukosea. Hapo nitakupa dawa ya wiki mbili na barua ya daktari. Kabla ya hapo, msalimie kwa simu."

Kwa simu alikuwa amemsalimia miaka saba. Mama yake aliuliza habari za wajukuu, akacheka vituko vyao, lakini ukimwambia aje anakuwa na kazi, au mguu unamsumbua, au kuku wanataga. Ukweli wote wawili waliujua. Zamani bibi huyo alikuwa na mtoto wa kiume, kaka mdogo wa Mama Magoti, wa miaka minane. Jino lilimuuma, mama yake akampeleka kung'olewa, akamshika mkono yeye mwenyewe. Damu haikukoma siku mbili, na wakati huo hapakuwa na aliyejua ni ugonjwa gani. Tangu siku ile bibi aliamini mikono yake ina nuksi kwa watoto wa kiume. Umri ulikuwa unamtupa mkono, na binti yake aliogopa kitu kimoja tu: kwamba mama yake angeondoka duniani bila kumgusa mjukuu hata mmoja.

Basi akapiga moyo konde, akaanza mafunzo. Mkono wa mpira wa kujifunzia aliuchoma vizuri mno. Ulipokuja mkono wa Spidi, vidole vikaanza kucheza. Mtu anayetunga uzi kwenye tundu la sindano huku akimfokea mteja, leo mshipa ulionenepa kama utepe unampiga chenga! Wiki ya kwanza alikosa. Ya pili akakosa. Ya tatu alitoka akalia kwenye korido, kilio cha hasira, kisha akarudi kuwafunga watoto viatu.

Wiki ya nne Spidi alichoka kuwa mtazamaji.

"Sista, mama anakosea kwa sababu mguu umelala."

"Umelala vipi?"

"Nyumbani akishona, mguu unakanyaga cherehani. Mguu ukikanyaga, mkono unatulia. Mama, kanyaga!"

Mama Magoti alitaka kumkemea, ila hakuwa na la kupoteza. Akakanyaga sakafu kisigino na vidole, kisigino na vidole, mwendo ule ule wa miaka yote. Mabega yakashuka. Vidole vikatulia tuli. Sindano ikaingia, na damu ikachungulia ndani ya mpira mwembamba, ishara kwamba mshipa umepatikana.

"Haya sasa," akasema Sista, ambaye hakuwa na tabia ya kumsifu mtu. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Endelea kukanyaga, usije ukaacha."

Alifaulu mara tatu mfululizo. Kliniki nzima ikazoea kusikia ule mguu, na mwanafunzi mmoja wa uuguzi alikutwa akikanyaga naye bila kujijua.

Safari ikaiva, na baba yao akafuatana nao. Dawa alizipanga kwenye mkoba wa baridi alioushona mwenyewe, wenye mifuko ya kila kitu na zipu tatu. Stesheni mkaguzi aliutolea macho.

"Mna nini humo?"

"Damu yangu," Bonge akajibu kwa fahari kabla mtu mzima hajafungua mdomo.

Ilibidi barua ya daktari isomwe mara mbili, mara ya pili kwa sauti, huku foleni nzima ikisikiliza. Mkaguzi aliirudisha kwa mikono miwili, akawapeleka mwenyewe hadi behewani, akamwambia kila aliyepishana naye, "Pisha, wagonjwa hawa." Wagonjwa wenyewe walikuwa wameshamtangulia, wanapanda kwenye kiti cha dirishani.

Walifika asubuhi ya pili, na hapo ndipo Mama Magoti alipoona hofu ya mama yake ilivyofanya kazi. Bibi alikuwa ameivisha nyumba. Miguu ya meza ilifungwa mito kwa kamba. Kona za kabati zilizungushiwa mablanketi. Viti vilitolewa nje vyote, na sebule nzima, ukuta hadi ukuta, ilitandikwa magodoro, mengine ya kuazima kwa majirani. Aliwaza kila kitu isipokuwa kimoja: ukimwonyesha mtoto magodoro sita yaliyopangana, atafanya nini?

"Shikamoo bibi!" walipiga kelele wote wawili wakiwa tayari hewani.

"Marahaba, wajukuu zangu," akajibu bibi kutoka mlangoni. Uso wake uling'aa kwa furaha, lakini mikono aliificha nyuma ya mgongo, na huko ikakaa.

Warukaji hao hawakuwa na breki. Spidi aliruka, Bonge akaruka, na kichwa cha Bonge, ambacho ni kigumu kuliko vichwa vya kawaida, kikakutana na kidevu cha kaka yake. Jino la mbele lililokuwa likilegea tangu kwenye treni likadondoka kwenye shuka, na damu ikafuata.

Baba yao aliona, akasema "Lo," akaanguka. Angalau godoro lake lilifanya kazi liliyotandikiwa.

Bibi aligeukia ukuta. "Nilijua," alisema. "Nilijua. Si nilikwambia usiwalete?"

"Hukuniambia, mama. Ulisema kuku wanataga." Mama Magoti alikuwa ameshanawa mikono, kamng'atisha Spidi shashi safi, na sasa alikuwa anachanganya dawa. "Njoo hapa. Nahitaji mtu wa kunishikia mkono wake, na mume wangu unamwona alipo."

"Mimi simshiki. Mimi ndiye niliyemshika yule."

"Najua. Yule ulimshika vizuri, mama. Dawa ndiyo iliyokosekana. Leo dawa ninayo. Njoo umshike huyu."

Spidi, mdomo umejaa shashi, alimnyooshea bibi mkono mwenyewe. Ingekuwa wewe ungekataa? Bibi alisogea shingo upande, akapiga magoti, mikono ikatoka mgongoni. Ilikuwa mikono mikavu yenye joto. Aliushika mkono wa mtoto chini ya kiwiko, kidogo kwanza, kisha kwa nguvu.

Sebuleni kukasikika kisigino na vidole, kisigino na vidole. Sindano ikaingia mara ya kwanza. Mama Magoti akasukuma dawa taratibu, na hakuinua macho, kwa sababu alijua mama yake analia na wawili wakilia pamoja kazi inaharibika.

Wakasubiri. Bonge aliketi kando kwa adabu ya ajabu, maana alijua ni kichwa chake kilichofanya yote. Kila dakika bibi alichungulia shashi.

"Imekoma?"

"Bado kidogo."

"Na sasa?"

Mama Magoti akaitoa shashi, akatazama, akamgeuzia mama yake ajionee. Pengo lilikuwa jekundu na safi, na hakuna kilichotoka.

"Imekoma, mama."

"Imekoma," akasema bibi. Akatazama tena. "Imekoma!" Kicheko kilimtoka ghafla, kikubwa, hata mkwewe pale chini akaamka akiuliza kuna nini.

Alasiri Mama Magoti alipotoka kuwatafuta, hakuwakuta uani. Bibi alikuwa kule barabarani, amemkamata Spidi mkono wa kulia na Bonge wa kushoto, anabisha hodi mlango mmoja baada ya mwingine. Mlango ukifunguliwa hakuwa na salamu wala habari nyingine.

"Fungua mdomo, baba," alikuwa anasema. "Fungua waone."