Siku Niliyomfuata Fundi Kambini

Ofisi yetu ya kuwasaidia viziwi ilikuwa na vyumba viwili Nakawa, nyuma ya ghala la magunia. Cha mbele nilikaa mimi na mashine ya kupiga chapa. Cha nyuma fundi cherehani, kiziwi tangu utotoni, aliwafundisha viziwi wenzake kushona. Zamani tulikuwa wengi. Kisha mkurugenzi, Mzungu, akarudi kwao, mwalimu wetu akavuka kwenda Kenya bila kuaga, na wazazi wakaogopa kuwatuma watoto mjini. Tukabaki mimi na fundi na wanafunzi wachache.

Wakati ule wa utawala wa jeshi kila mtu alichunga mdomo. Nyumbani Katwe, baba alifunga kwanza dirisha la duka ndipo alalamike kuwa sukari imeadimika. Ofisini nilisema nilichotaka, kwa mikono. Fundi ndiye aliyenifundisha ishara, akinicheka nilipokosea. Alipotaka kumtaja mkubwa wa nchi, alijaza hewa mashavuni na kujigonga kifua mahali pa medali, nami nilikimbilia mlangoni kuangalia kama kuna mtu nje.

Asubuhi moja fundi hakuja. Mwanafunzi wake mmoja aliingia akihema, akanionyesha: bunduki, lori, fundi kapandishwa. Askari wa kizuizi cha barabarani walimwita kwa nyuma, yeye akaendelea kutembea.

Sikuwa na mkubwa wa kumwomba ruhusa wala mwenzangu wa kunisindikiza. Nilifunga mtandio wangu vizuri, nikaenda kambi ya jeshi peke yangu. Nilikuwa na Kiswahili, lugha ya nyumbani kwetu tangu babu alipotoka pwani. Lakini kilikuwa pia lugha ya jeshi, na njiani waliponisikia nikiuliza njia, watu walinikwepa, wakidhani mimi ni mke wa askari.

"Natafuta fundi wangu, afande," nilimwambia koplo wa langoni. "Ni kiziwi. Hakusikia akiitwa."

"Hapana kiziwi. Huyo mutu nadanganya. Sisi napiga debe nyuma yake, yeye nageuka."

Fundi alikuwa ameketi ndani ya kibanda cha walinzi, jicho limevimba, shati limechanika. Debe lilikuwa sakafuni, karibu naye. Sakafu ilikuwa ya mbao.

"Amelisikia kwa mwili, afande. Mbao zinatetemeka. Mtoe nje kwenye majani, ujaribu tena."

Koplo alinitazama sana. "Wewe bibi ya nani?"

"Si wa mtu. Nafanya kazi naye."

Walimtoa, wakamsimamisha kwenye majani, uso wake ukinielekea. Nilitaka kumweleza kinachofanyika, lakini koplo aliniamuru, "Mikono nyuma!" Nikaiweka nyuma. Fundi alinikodolea macho, akisubiri nimwambie neno. Niliogopa kwamba nikishtuka ataona, naye atageuka. Nikafumba macho.

Debe lililia, likalia tena kwa nguvu zaidi. Kisha askari mmoja akacheka. Nilipofumbua macho, fundi alikuwa bado ananitazama, akishangaa mbona nimelala nimesimama.

"Kweli bubu," koplo akasema. "Chukua yeye. Asitembee peke yake tena."

Barabarani nilimuuliza kwa ishara kama wamemuumiza sana. Aliushusha mkono wangu haraka, akatazama huku na huku, akaingiza mikono yake mifukoni. Tulitembea hivyo hadi Nakawa.

Alirudi kazini, lakini akageuza cherehani ili ashone akiuelekea mlango. Mikono yake sasa ilikuwa ya kushika kitambaa tu, si ya kuzungumza. Nikimwambia jambo, alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kushona. Mwishowe dada yake alikuja kutoka Masaka kumchukua.

"Huku nitamzika, dada yangu," aliniambia. "Kule kwetu kila mtu anamjua. Akiitwa asigeuke, hakuna atakayeshangaa."

Nilikubali, kwa kuwa ilikuwa kweli. Nilimsaidia kufunga mizigo. Fundi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akapanda gari.

Wanafunzi nao waliacha kuja. Mimi niliendelea kufungua ofisi. Mara chache kiziwi mpita njia aliingia kumuulizia fundi, nikamwambia yuko salama kwao, naye akaenda zake. Nilifagia vyumba vyote viwili. Mchana nilikula chakula changu kwenye meza ya fundi ya kukatia vitambaa, kwa kuwa jua liliingia upande ule.