Nilimpa mkimbizi kadi yangu ya hospitali, gego langu nililong'oa zamani likaonekana limeota upya

Wakuu, salaam kwenu, na wale mnaotafuna upande mmoja poleni zaidi. Haya nilikuwepo. Nikiongopa, magego yangu yaliyobaki yang'olewe bila ganzi.

Mimi ni mtu wa Tingi, wilaya ya Nyasa. Shule niliishia darasa la sita, tangu hapo nimefanya kila kazi isiyo na mkataba. Wakati huo nilikuwa nanunua usipa Lipingo, hawa dagaa wa ziwani kwetu, napandisha soko la Mbinga. Kwenye kubeba magunia ndipo nikakutana na Amisi.

Amisi ni Mkongo. Vita ilimtoa kwao, akakaa kambini Kigoma, halafu akaondoka bila kibali akitaka kufika Malawi. Akaishia Lipingo kwa sababu, anasema, alipenda usipa. Sikumcheka. Mimi nimewahi kuhamia kijiji kwa sababu nyepesi kuliko hiyo.

Sasa jino.

Lilianza kumsumbua tangu kambini, gego la chini kushoto. Mtu wa meno alikuwa anakuja kwa nadra, na foleni yake watu walipanga mpaka wakazoea maumivu.

Lilipoamka tena pale Lipingo, kila mtu akawa daktari. Karafuu, chumvi, tumbaku. Mzee mmoja akashauri maji ya betri. Fundi baiskeli alikuja na koleo lake, akalipangusa kwenye suruali kwanza, maana ni mtu wa usafi.

Siku ya nne shavu likawa kama andazi. Ya tano uvimbe ukashuka shingoni, akawa anameza mate kwa shida. Hapo utani ukaniisha.

"Twende Mbinga hospitali," nikamwambia.

"Siendi, kaka. Bataniuliza kitambulisho, nitasema nini? Batanirudisha."

"Ukibaki hapa utarudishwa kwa Mungu."

Ndipo nikapata akili yangu kubwa. Nilikuwa na kadi ya hospitali moja huko, jina la hospitali nalihifadhi. Umri wetu unakaribiana. Nikamwambia, leo wewe ndiye mimi, Nchimbi. Usiongee hata neno, ukifungua mdomo tu Kongo yote inatoka. Mimi ndiye ndugu yako, nitajibu.

Mapokezi tulipita vizuri. Mgonjwa aliyevimba shavu nani amlazimishe kuongea?

Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo, miwani puani. Tukaamkia, yaani mimi nikaamkia na Amisi akaguna. Akamulika mdomoni, akasoma faili, akamulika tena.

"Huyu ndiye Nchimbi?"

"Ndiye, dokta."

"Gego hili tulishaling'oa. Limeandikwa hapa."

Wakuu, nilikuwa nimesahau kabisa. Lile gego nilitolewa pale pale, na yeye Amisi kachagua kuugua lile lile!

"Litakuwa limeota tena, dokta."

"Kwa mtu mzima?"

"Tingi udongo wetu una rutuba."

Hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akachukua bomba la sindano.

"Haya. Faili la Nchimbi linasema hana tatizo na penisilini. Kwa hiyo namchoma penisilini."

Nikaitikia kwa kichwa kama bwana afya. Amisi akanitazama. Macho yamemtoka, jasho linamtiririka. Mimi nikamkonyeza anyamaze, nikijua anaogopa sindano tu.

Dokta akasogea na pamba ya spiriti.

"Hapana, mama!" Amisi akapasuka. "Ile sindano ilitaka kuniua kule kambini! Nilivimba mupaka macho ikafungana!"

Hata feni nadhani ilisimama.

Dokta akaweka bomba kwenye sinia, taratibu. Mpaka leo nahisi alikuwa anatutega.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

Amisi akaangalia mlango. Halafu akaniangalia mimi.

"Amisi."

"Amisi, mimi hapa sina kifaa cha kupima uraia. Nina koleo." Akachukua karatasi mpya, akaandika. "Ungekufa na jina la mtu mwingine, tungemzika nani?"

Akampa dawa nyingine, akatoa usaha, akaling'oa. Kisha akamweleza Amisi aende mwenyewe ofisi ya wakimbizi kabla hajatafutwa. Analifikiria. Anafikiria polepole, yule.

Akanigeukia. "Na wewe, Nchimbi mwenye rutuba, kaa hapo."

"Mimi siumwi, dokta."

"Fungua mdomo."

Amisi alitoka na jino moja pungufu. Mimi mawili.

Kwenye pikipiki ya kurudi, mshikaki, watatu na dereva, sisi wawili tumeng'ata pamba. Kizuizini askari akasimamisha: "Mnatoka wapi?" Dereva akatuonyesha kwa kidole. Tukafungua midomo. Askari akaangalia damu ile, akageuza uso, akatupungia tupite.

Nilichojifunza: mgonjwa anaweza kuficha kwao, ila asifiche kilichowahi kumdhuru. Na usimzibe mdomo mtu ambaye shida yake iko mdomoni.

Wataalamu wa sheria na wa meno mliomo humu: mkimbizi aliye nje ya kambi akivimba shavu, njia ya halali ni ipi? Mwageni elimu. Aliyewahi kutibiwa na fundi baiskeli naye aje, tumpe pole.