Oili ya Lori la Baba

Nina duka la oili na vipuri pale Chalinze, na baba yangu ndiye mteja pekee ninayemkaripia. Mwaka jana alianza kuja mno.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Nipe oili."

"Ya juzi umeinywa?"

Anacheka, anapakia galoni lake, anaondoka. Mimi nabaki na roho juu. Lori lake la dizeli hubeba mananasi kutoka kwetu Kiwangwa, na amelitunza kuliko magoti yake mwenyewe. Gari la namna hiyo halina sababu ya kunywa oili hivyo.

Nilimpeleka fundi hadi nyumbani. Akalaza boksi chini ya injini usiku kucha, asubuhi likawa kavu. Akatazama maji ya rejeta, hayana mafuta. Alichokiona ni bomba la kupumulia injini limelowa oili tepetepe. Akajifuta mikono, akasema, "Ringi za pistoni zimechoka, dada. Gari likiwa njiani, injini inatema oili kwa huku. Itabidi tuifungue."

Kaka yangu, aliyeko Dar, hakutaka kusikia habari ya kufungua injini. "Liuzwe," akasema kwenye simu. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na baba naye kazeeka. Una hakika anakumbuka kuiweka hiyo oili?"

Nilimjia juu mpaka wateja wakanigeukia. Lakini nilipokata simu nikaogopa, maana na mimi nilikuwa nimeshaliwaza hilo. Nilimjua mzee mmoja, jirani yetu, ambaye wanawe waliliuza gari lake kwa nia njema kabisa. Akawa anashinda barazani akimuuliza kila mpita njia barabara ya Msata ikoje leo. Sikutaka baba yangu aje kuuliza barabara kwa watu.

Basi Ijumaa nikafunga duka mapema, nikaenda kulala nyumbani. Mama alikuwa anaumwa miguu tangu masika, usingizi unamjia karibu na alfajiri, na ukimjia ni mwepesi. Alfajiri, baba aliporudi kutoka kuswali, nikatoka naye, nirudi Chalinze na lori.

Lilikuwa limesimama kwenye mteremko ubavuni mwa nyumba, pua imeelekea barabarani. Baba akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akachovya tena, akanionyesha kwa tochi ya simu. Oili ilikuwa chini ya alama ya chini. Akamimina taratibu, bila kumwaga hata tone. Moyo wangu ukatulia kidogo: huyu hasahau kitu. Kisha akaachia breki, lori likaserereka kimya kupita nyumba za watu, na kule chini barabarani ndipo alipoachia klachi likanguruma. Nikajua stata ya kuliwashia imekufa.

Msata tukasimama kunywa chai, mahali tambarare. Tulikula vitumbua, tukasalimiana na nusu ya watu wa pale, injini ikapoa. Mimi bado nina dukuduku, nikaenda kuchomoa kijiti. Oili ilikuwa juu ya alama ya juu, imezidi kabisa. Nikafuta, nikarudia. Vilevile.

"Baba, njoo uone!"

Akaja, akatazama, akavua kofia.

Nikakaa juu ya tairi nikacheka peke yangu. Injini haikuwa na ugonjwa. Kijiti kiko upande wa nyuma, na gari likiinamia mbele oili yote hukimbilia mbele, kijiti kinasema pungufu. Baba anaongeza. Lori likifika tambarare oili inazidi, injini inaitapika ile ya ziada kwenye bomba la kupumulia. Kesho mteremko unamdanganya tena, naye anaongeza tena.

"Lakini zamani ulikuwa unaliweka uwanjani," nikamwambia. "Kwa nini usibadilishe stata tu?"

"Stata ni nzima."

"Sasa unaserereka ili iweje?"

Akaivaa kofia yake, akaiweka sawa. "Stata ina kelele, mama. Mama yako huo usingizi wenyewe anaupata saa hizo."

Kila jioni, na umri wake, alikuwa analipandisha lori kinyumenyume pale juu, ili asubuhi liondoke kimya. Nilimpenda baba yangu siku ile mpaka kifua kikauma.

"Nitakuwa napima kule chini barabarani, jioni, kabla sijalipandisha," akasema. Kuacha mteremko hakukumpitia akilini.

Tukapunguza oili iliyozidi, nikampigia kaka. "Lori haliuzwi, na baba hasahau. Anakumbuka kutushinda sisi wote." Nikamweleza yote, akasema mwisho wa mwezi atakuja kuwaona.

Wiki iliyofuata nikamsimulia mama, nikidhani nampa habari. Alikuwa anachambua mchele. Akatabasamu, mikono haikusimama.

"Huwa naamka akigusa tu komeo," akasema. "Najilaza kimya nisimsikitishe. Nikilisikia limenguruma kule chini, ndipo nalala. Usimwambie."