Mawese Yalitupwa, Samaki Wakapita

Pale uwanja wa ndege Kigoma, mkaguzi, binti mdogo kuliko mimi, alimwamrisha mama yangu avue kilemba mbele za watu, bila hata shikamoo. Mama alikuwa anakwenda Dar na mimi kumwona dada aliyejifungua, na kwetu Ujiji huendi kwa mzazi mikono mitupu. Chupa ya mawese ikatolewa kwenye mkoba wake, ikatupwa. Akavuliwa na viatu, akasimama peku na magoti yake mabovu. Nilikuwa nyuma yake, nimefura kwa hasira.

"Ni kwa usalama wenu," binti akaniambia.

Kisha akagusa furushi la migebuka, samaki wa ziwa letu, wakavu, mkobani. Harufu ikampiga, akaziba pua. Mwenzake wa kwenye mashine akacheka, akalisukuma lipite bila kukaguliwa.

Dar, dada alifungua furushi jikoni. Katikati ya samaki kulikuwa na kisu kirefu cha kupasulia, mama alikisahau humo alipokuwa anafungasha. Mama aliangua kicheko. Mimi nilitafuta pa kukaa.

Nusu ya abiria wa ndege ile walipanda na mafurushi ya samaki kama lile.